Spelunky ya 2012 au Spelunky 2: ukiwa na pesa ya gemu moja, uchukue ipi?

Nianze na jibu kwa mwenye haraka. Kama hujawahi kucheza Spelunky yoyote, nunua ile ya 2012. Kama umeshampiga Olmec, bosi wa mwisho, kwenye hiyo na vidole bado vinakuwasha, nunua Spelunky 2 wala usimuulize mtu. Na kama una kompyuta lakini mfuko umekauka, iko ya tatu, ya 2008, na hiyo ni ya bure. Wenye nafasi, tukae tuzungumze, maana ubishi juu ya gemu hizi mbili haujaisha tangu Septemba 2020, na mengi yanayosemwa humchanganya tu mnunuzi.

Kwanza tuelewane ni gemu ya namna gani. Ni ya kuruka na kukwepa, unaitazama kwa ubavu, ya ukoo mmoja na zile tulizocheza utotoni kwenye mashine za kaseti za manjano, zilizoandikwa kwamba zina gemu 9,999 na ndani mna chache tu zinazojirudia. Derek Yu, Mmarekani, aliitoa bure kwa kompyuta za Windows mwaka 2008, picha zake zikiwa za pikseli nene za kizamani. Mwaka 2012 yeye na Andy Hull wakaichora upya na kuitoa kwenye Xbox 360. Mwaka uliofuata ikafika kwenye kompyuta, PS3 na Vita, na 2014 ikaingia PS4. Hiyo ndiyo watu huiita "ya kwanza" wanapolinganisha. Spelunky 2 ilitoka 2020 kwa PS4 na kompyuta, kisha Agosti 2021 zote mbili zikaingia Switch. Kwa hiyo mwenye PS4, mashine utakayoikuta kwenye vibanda vingi vya gemu hapa Mombasa kuanzia Majengo hadi Kisauni, anaweza kuchagua yoyote.

Kanuni ni zilezile kwa zote. Unaingia pangoni na mioyo minne, mabomu manne, kamba nne na mjeledi mkononi, unateremka kuutafuta mlango wa kutokea. Ukifa, umekufa. Unarudi mwanzo kabisa, na lile pango ulilolikariri halipo tena, kwa kuwa kila raundi linapangwa upya. Halipangwi ovyo. Katika ya kwanza, levo ya kawaida ni vyumba kumi na sita, vinne kwa vinne, na kabla ya kumwaga nyoka na mitego, programu huhakikisha kuna njia moja ya kufika mlangoni bila kutumia bomu wala kamba. Ndiyo sababu wachezaji wa siku nyingi wakifa hulaumu pupa yao. Ukikawia, mzimu unakuja kukuchukua: dakika mbili na nusu katika ya kwanza, tatu katika ya pili. Ukimwibia mwenye duka, anakutoka na bunduki, na habari zako zinakutangulia levo zinazofuata.

Ugomvi wa dakika tano za mwanzo

Lawama kubwa ya wachezaji kwa Spelunky 2 ni mahali inapoanzia. Machimbo ya gemu ya kwanza yana nyoka anayekwenda na kurudi, popo anayening'inia, buibui anayekurukia ukipita chini yake, na mtu wa pangoni anayekukimbilia akikuona. Kila mmoja ana tabia moja. Unaisoma, unaishika, unasonga mbele. Hata mtego wa mshale, unaoondoka na nusu ya uhai wako, unaufundisha mwili wako kusimama na kutazama kabla ya kuteremka.

Eneo la kwanza la Spelunky 2 lina karibu hao wote, halafu linakuongezea mjusi mwenye pembe anayejiviringisha kama gurudumu na fuko anayechimba ardhini akaibuka miguuni pako. Watu wa pangoni nao wameerevuka, wanaokota vitu na kuvitumia dhidi yako. Levo ya 1-4, yaani ya nne katika eneo la kwanza, ina jitu liitwalo Quillback, lenye miiba ya nungunungu mgongoni, linalobingirika likivunja kuta. Yote haya bado uko eneo la kwanza. Tena kipigo kimoja mara nyingi hakiishii hapo: kinakuzimisha, unaanguka juu ya cha pili, cha pili kinakutupa kwenye miiba, na kabla hujajua nani alianza, raundi imekwisha. Wapo walioinunua, wakafia hapo wiki nzima, wakaiacha bila kuona msitu unaofuata una rangi gani.

Watetezi wake nao wana hoja. Wanasema fuko huonekana akitembea chini ya udongo ukiangalia vizuri, kwamba aliyekufa mikononi mwa mjusi alikuwa anakimbia pasipo kukimbilika, na kwamba gemu ya pili isingekuwa na maana kama ingemrudisha bingwa kwenye nyoka na popo. Hoja hii ya mwisho ndiyo inayonipa mimi jibu. Spelunky 2 imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufuzu. Ushahidi umo ndani yake: Olmec, lile sanamu kubwa la kichwa ambalo ndilo bosi wa mwisho wa njia ya kawaida katika ya kwanza, hapa amewekwa 3-1, katikati ya safari. Unampita unaendelea. Hata mhusika ni Ana, binti wa yule mpelelezi wa mapango wa mwanzo, anayewafuata wazazi wake hadi mwezini.

Angalia pia njia za mkato. Katika zote mbili kuna mafundi wa kuchimba wanaokuomba pesa na vifaa ili wakufungulie njia ya kuanzia mbele. Ya kwanza inakufungulia 2-1, halafu 3-1, halafu 4-1: kila ukilipa unaliruka eneo zima. Spelunky 2, njia yake ya kwanza kabisa inakushusha 1-4. Yaani umejinyima, umelipa, na zawadi yako ni kuonana na Quillback mapema zaidi. Nilicheka, lakini namwelewa aliyekasirika.

Huku pwani mtoto hatupwi moja kwa moja kwenye bao la Kiswahili, lenye namua na mtaji na hesabu za nyumba. Anaanzia bao la kujifunza, mkono ukazoea kete, ndipo wazee wanampisha kitini. Wanaosema "chukua ya pili tu, ina kila kitu cha ya kwanza na ziada" wanamvusha mtoto hatua hiyo, kisha wanashangaa kwa nini ameondoka barazani.

Aliyevuka anapata nini

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu mashabiki wa Spelunky 2 nao hawasifii hewa.

Ukimaliza 1-4 unakuta milango miwili: msituni, au Volcana yenye lava. Baada ya Olmec unachagua tena, Tide Pool au Hekalu la Anubis. Raundi mbili mfululizo zinaweza kuwa safari mbili tofauti, jambo ambalo ya kwanza haina. Kule njia kuu ni moja tu, machimbo, msitu, barafu, hekalu, levo kumi na sita. Nyuma ya kuta za Spelunky 2 kuna milango inayokuingiza kwenye tabaka la pili la pango, lenye maduka, vyumba vya siri na watu wenye shida zao. Kuna Yang, mzee wa bata mzinga, anayetaka umrudishie ndege wake zizini. Bata mzinga wenyewe unawapanda, na ukiwa mgongoni mwa mmoja unaruka mara mbili hewani. Pia wanaokwa. Bomu likimpata mmoja akaiva, unamla na kupata moyo mmoja. Wapo wachezaji wanaoona hilo ni ukatili, na wapo wanaokuja na njaa.

Kisha maji na lava. Katika Spelunky 2 vinatiririka kweli. Ukitoboa ukuta wa ziwa la lava, linamwagika, linateremka, linakufuata hadi chini. Nimemsikia kijana mmoja wa Tudor akiapa kwamba hakuna gemu ya ubavuni iliyowahi kumtisha kwa kitu kisicho na macho wala meno. Sisi wa pwani tunakaribia kujisikia nyumbani kwenye Tide Pool: pweza, kaa waliojibebesha masanduku badala ya makombe, na chaza wakubwa wanaokufumbia mdomo ukiingia kwa tamaa ya kilichomo.

Siri nazo ni nyingi mno. Hapa, anayetaka kuzigundua mwenyewe aruke aya hii. Ya kwanza ina mnyororo mmoja wa siri na ni mtamu ajabu. Jicho la Udjat unalitoa machimboni. Linakuonyesha mlango wa soko la magendo msituni. Sokoni ankh, kifaa cha kukufufua ukifa, inauzwa dola 50,000 za humo ndani. Ukiwa nayo unajiua makusudi kwenye barafu ili ufufuke ndani ya sanamu la Moai na kuchukua taji. Taji pamoja na fimbo ya Anubis vinafungua Mji wa Dhahabu, na mjini humo mna kitabu kitakachokuelekeza mlango wa Jehanamu. Spelunky 2 imechukua wazo hilo ikalitia matawi, halafu mwisho wake si mwisho: baada ya Neo Babylon kuna Sunken City, na aliyepita huko kwa masharti yake anaweza kuingia Cosmic Ocean, inayoendelea levo baada ya levo hadi 7-99. Mwenye kufika 7-99 ana haki ya kujisifu mbele ya mtu yeyote.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo ninavyoiona Spelunky 2. Wanaoipenda wanaujua uchungu wake vizuri kuliko wanaoilaumu.

Kucheza na watu

Hapa ndipo ulinganisho unapogeuka, na ndipo wanunuzi wengi wa hapa wanapopaswa kufikiri zaidi, maana gemu huku kwetu si kitu cha mtu mmoja chumbani.

Zote mbili zinaruhusu watu wanne kwenye kioo kimoja. Zote mbili kamera inamfuata mwenye bendera, na aliyeachwa nyuma anacheza kipofu akipiga kelele asubiriwe. Aliyekufa anabaki kama mzuka mdogo, na anaweza kufufuliwa kwa jeneza linalotokea mbele. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Kwenye kiti si sawa. Ya kwanza, kioo ni kisafi, maadui ni wachache na wanajulikana, kwa hiyo hata watoto wawili wasiojua lolote wanadumu muda wa kutosha kucheka. Spelunky 2 ina mambo mengi mno kwenye kioo kimoja: lava inatiririka, fuko anaibuka, bata mzinga anapiga teke, na watu wanne hawajui nani ni nani. Kibanda kimoja upande wa Kibokoni kiliweka zote mbili, na ombi linalosikika ni lile moja: "Ami, turudishie ile ya kwanza bwana, hii yatuua bure." Mwenye kibanda hana ubishi. Anauza dakika, na mteja anayekufa kila nusu dakika haongezi saa.

Pia kuna kupigana wenyewe kwa wenyewe. Ya kwanza ina uwanja wa kuuana, wa fujo na wa haraka, mabomu yanaruka na raundi inakwisha kabla hujakaa sawa. Ya pili inao na imeongeza mtindo wa kugombea sanamu: anayelishika muda mrefu ndiye mshindi. Kwa baraza la jioni la mabarobaro wanaotukanana kwa mapenzi, hapa naipa ya pili ushindi, na sioni haya.

Kuna kitu kimoja ambacho ya kwanza haina kabisa, nacho ni kucheza pamoja kwa mtandao. Spelunky 2 inacho. Ukiwa na binamu Muscat au rafiki aliyehamia Nairobi, hiyo peke yake yaweza kuamua. Lakini kwenye gemu ambayo mshale haukusubiri, mtandao ukisitasita nusu sekunde unakufa kwa kosa lisilo lako, na kuchelewa huko kumelalamikiwa na wachezaji wa nchi nyingi, si wetu tu wenye bando za simu. Nyumba yenye faiba inavumilika. Kwa bando, cheza na aliye karibu nawe.

Kwa anayecheza peke yake lakini anapenda ushindani, zote zina shindano la kila siku: pango la leo ni moja kwa wachezaji wote, na una nafasi moja tu. Kundi la marafiki likiwa na gemu moja kwenye kompyuta zao, hili linaleta ubishi mwingi kuliko mpira. Muhimu ni wote muwe na gemu ileile, kwa hiyo kabla hujanunua, uliza wenzako wanacheza ipi.

Stima, muda na mashine

Hakuna kati ya hizi mbili inayokuruhusu kusevu katikati ya raundi. Hilo linamhusu mkazi wa Mombasa kuliko wahakiki wa ng'ambo wanavyodhani. Raundi ya kawaida ya kushinda gemu ya kwanza inaweza kukwisha ndani ya nusu saa ukiwa umeizoea. Safari ya kwenda Sunken City ni ndefu zaidi, na Cosmic Ocean ni ya saa nyingi. Stima ikikatika ukiwa huko, hakuna wa kumlilia. Wenye laptopu yenye betri nzuri au Switch wana nafuu. Switch unaizimisha usingizini unapoitwa, unaiamsha raundi ikiwa palepale. Foleni ya feri ya Likoni ni mahali pazuri sana pa kufia machimboni.

Mashine: ya 2012 inakwenda hata kwenye laptopu za mitumba za ofisini zisizo na kadi ya picha. Spelunky 2 inadai zaidi kidogo, hasa maji na lava vinapoanza kazi. Si gemu nzito, ila kwa kompyuta ya zamani sana ningejaribu kwa rafiki kwanza.

Bei ya kawaida kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni dola 15 hivi kwa ya kwanza na dola 20 kwa ya pili, na zote hupunguzwa sana misimu ya mauzo. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya GlobalPay ya M-Pesa. Usikimbilie kununua siku umeisikia. Iweke kwenye orodha yako, subiri punguzo.

Muziki wa zote mbili ni wa Eirik Suhrke. Wa kwanza unakaa kichwani, wa pili ni mpana zaidi. Mimi nausikiliza wa kwanza hata nikipika.

Na ile ya bure? Ya 2008 ni ndogo na inakubali karibu kompyuta yoyote ya Windows. Picha zake ndizo za kizamani hasa, na anayetafuta ladha ya mashine ya kaseti ataipata humo kuliko kwenye hizi mbili zilizochorwa laini. Derek Yu alitoa hata msimbo wake, kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kutengeneza gemu anaweza kuifungua na kuona vile vyumba kumi na sita vinavyopangwa. Maadui wengi wa ya 2012 wametokea humo, ila haina mpangilio wa watu wanne. Kwa mtu mmoja mwenye subira, ni shule kamili bila kulipa shilingi.

Kwa wenye vibanda, kama kuna anayesoma: mashine yenye padi nne iwekee ya kwanza. Spelunky 2 iweke kwenye ile ya pembeni yenye kiti kimoja, umlipishe mteja kwa saa wala si kwa mchezo, na umwambie kabla hajakaa kwamba fuko yupo.